Historia Moja ya Dini Tatu za India

Nguzo ya Besnagar, nje kidogo ya mji wa Vidisha katika jimbo la Madhya Pradesh, ilisimama hadharani kwa miaka 2,000 bila mtaalamu yeyote kujua imeandikwa nini. Alexander Cunningham, mwanzilishi wa idara ya mambo ya kale ya India, aliifikia mwaka 1877, akaizunguka, akakisia kwamba ni ya enzi ya wafalme wa Gupta, akaenda zake. Maandishi hakuyaona. Wenyeji walikuwa wakiiabudu nguzo hiyo kwa jina la Khamba Baba, na kizazi baada ya kizazi walikuwa wameipaka rangi nyekundu ya ibada hadi ikafanya gamba nene juu ya jiwe. Gamba lilipobanduliwa mwaka 1909, yalitokea maneno ya Kiprakriti: Heliodorus mwana wa Dion, mtu wa Taxila, balozi wa mfalme Mgiriki Antialkidas, ameisimamisha nguzo hii ya Garuda kwa heshima ya Vasudeva, mungu wa miungu. Balozi huyo anajitaja mwenyewe kuwa mfuasi wa mungu huyo, ambaye waumini wa leo wanamjua zaidi kwa jina la Krishna. Mwandiko na majina ya wafalme yanaiweka nguzo mwishoni mwa karne ya 2 KK, yaani karne kadhaa kabla ya makisio ya Cunningham.

Jambo la kuangalia kwa makini ni majirani wa nguzo hiyo. Kilomita 10 hivi kutoka hapo uko mlima wa Sanchi wenye stupa kubwa ya Wabudha, yaani kilima cha ibada cha kuhifadhia mabaki matakatifu, ambayo ilikuwa ikipanuliwa na kupambwa katika zama zilezile za Heliodorus. Upande mwingine, karibu zaidi, yako mapango ya Udayagiri. Pango moja lenye sanamu za Vishnu na Durga lina maandishi ya mwaka 401 au 402 BK, enzi ya Chandragupta wa Pili wa ukoo wa Gupta. Mwaka 412 au 413, ofisa wa mfalme huyohuyo aliwapa watawa wa Kibudha wa Sanchi ardhi na dinari 25 za dhahabu, akaagiza kwamba kwa kila nusu ya mapato hayo watawa watano walishwe na taa iwashwe hekaluni maadamu jua na mwezi vipo. Mwaka 425 au 426, huko Udayagiri tena, ikawekwa sanamu ya Parshvanatha, mwalimu wa 23 katika orodha ya walimu wakuu 24 wa Wajaini. Maandishi matatu, ya mapokeo matatu, yamechongwa ndani ya robo karne, chini ya ukoo mmoja wa wafalme, katika eneo ambalo mtu hulimaliza kwa miguu kati ya asubuhi na jioni.

Ninachodai ni kwamba historia ya Uhindu, Ubudha na Ujaini haiandikiki kwa kufuata kila dini peke yake, kuanzia kwa mwanzilishi wake, kupitia kitabu chake, hadi kwa waumini wake wa leo. Tangu mwanzo mapokeo haya yameishi kila moja uani kwa mwenzake, yakigombea wafadhili walewale, yakiazimana maneno na mafundi, yakitukanana na kukopeshana. Anayesoma vitabu vya upande mmoja tu huishia kuandika utetezi wa upande huo hata kama hakukusudia. Na kinachomtoa huko mara nyingi ni mambo ambayo wasomi wa dini huyapuuza: sadaka, hati za ardhi, kuta zilizovunjika, na ushuhuda wa mpinzani.

Mazoea ya kutenga dini hizi yana asili inayojulikana. Katika karne ya 19 vyuo vya Ulaya vilizikuta dini za India kwanza kupitia miswada. Eugène Burnouf, aliyechapisha utangulizi wake wa historia ya Ubudha wa India mwaka 1844, alifanya kazi Paris juu ya miswada ya Kisanskriti ambayo Brian Hodgson aliituma kutoka Nepal; India yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Max Müller, aliyehariri Rigveda yote kati ya 1849 na 1874, naye hakufika. Mfululizo wa vitabu vitakatifu vya Mashariki alioanzisha Oxford, uliofikia juzuu 50, ulimpa msomaji wa Kiingereza kila dini na rafu yake. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na sitaidharau, maana bila hao tusingekuwa na pa kuanzia. Lakini ilibeba dhana ya Kiprotestanti kwamba dini halisi ni ile iliyomo katika maandiko ya mwanzo, na kwamba mambo yaliyofuata, yaani sanamu, mabaki ya wafu na sadaka za wanawake wa vijijini, ni uchafu uliotuama juu ya mafundisho safi. Gregory Schopen aliishambulia dhana hiyo waziwazi katika makala yake ya mwaka 1991, na tangu hapo imekuwa vigumu kwa mtaalamu wa Ubudha kujifanya haioni.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake mwenyewe ya kuwa na tahadhari. Dini mbili zinazotawala fikra zetu, Uislamu na Ukristo, zimetuzoesha kuuliza: nani mwanzilishi, kiko wapi kitabu, nani yumo na nani hayumo. Maswali hayo yanajibika nusu kwa Ubudha na Ujaini, na kwa Uhindu yanakwama kabisa, maana hauna mwanzilishi, wala hauna kitabu kimoja kinachowafunga wote. Mwambao wetu nao uliwapokea wafanyabiashara wa Gujarat kwa karne nyingi bila kujali sana nani anakwenda hekalu gani. Miongoni mwa jamii za wafanyabiashara wa huko kulikuwa na familia za Kijaini na za wafuasi wa Vishnu zilizooana na kushirikiana mtaji. Hekalu la marumaru nyeupe la Wajaini katika mji wa kale wa Mombasa na hekalu la Wabudha lililoanzishwa na Wasinhala jijini Dar es Salaam mapema katika karne ya 20 yanapitwa na maelfu ya watu kila siku, na wengi wao huyaita yote kwa pamoja “mahekalu ya Wahindi.” Kosa hilo lina afadhali kidogo kuliko lile la vyuo, kwa kuwa angalau limeona ujirani.

Ushahidi mwingine ulianza kusemeka mwaka 1837. James Prinsep, mtaalamu wa sarafu katika kiwanda cha fedha cha Calcutta, alikuwa ameletewa nakala za maandishi mafupi yaliyochongwa kwenye ua wa mawe wa Sanchi, katika mwandiko wa Brahmi ambao hakuna aliyeweza tena kuusoma. Aliona kwamba mengi yanamalizikia kwa herufi zilezile mbili na nukta. Akawaza: mahali pa ibada, maneno mafupi, kila moja peke yake, yote yana mwisho mmoja, basi yatakuwa yanasema fulani ametoa sadaka. Neno lilikuwa danam, sadaka. Kutokana na hapo herufi zilifunguka moja baada ya nyingine, na muda si mrefu akasoma matangazo ya mfalme Ashoka yaliyotapakaa kwenye miamba na nguzo za bara zima. Napenda kukumbusha kwamba ufunguo wa historia yote ya kale ya India haukutoka kwa mfalme wala kwa kasisi. Ulitoka kwa mke wa mfanyabiashara, kwa mtawa wa kike, kwa chama cha wachonga pembe za ndovu wa Vidisha, waliolipia kila mmoja kipande chake cha jiwe na kutaka jina lake libaki hapo.

Majina hayo yaliposomwa kwa wingi, yaliwasumbua wanaotegemea vitabu. Kanuni za watawa wa Kibudha zilivyokuwa zikisomwa, mtawa ni mtu asiye na mali. Ila huko Sanchi na kwenye stupa nyingine ya kale, ya Bharhut, watawa wa kiume na wa kike ni miongoni mwa wafadhili wakubwa. Walikuwa na cha kutoa. Walitoa kwa ajili ya wazazi wao waliokufa, jambo ambalo wasomi walikuwa wamelisukumia kwa walei au kwa Wachina. Mtu anaweza kusema kwamba hao walivunja kanuni, lakini kuvunja kanuni kwa kuchonga jina lako kwenye mlango wa hekalu ni ajabu. Jibu rahisi zaidi ni kwamba tulizisoma kanuni kama maelezo ya maisha, kumbe ni maelezo ya namna baadhi ya watunzi walivyotaka maisha yawe.

Je, basi vitabu vitupwe? Hapana, na ushahidi mzuri wa kukataa hilo unatoka kwa Wajaini. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 wataalamu kadhaa, Christian Lassen akiwa mmoja wao, waliamini kwamba Ujaini ni tawi lililomeguka kutoka kwa Ubudha, kwa sababu hadithi za Mahavira, mwalimu mkuu wa Wajaini, na za Buddha zinafanana mno. Hermann Jacobi alilivunja dai hilo, kwanza katika toleo lake la mwaka 1879 la Kalpasutra, kitabu cha Wajaini, kisha katika utangulizi wa tafsiri yake ya mwaka 1884. Hoja yake ilisimama juu ya vitabu vya wapinzani. Maandiko ya Kipali ya Wabudha yanamtaja mara nyingi mwalimu aitwaye Nigantha Nataputta, yanamfanya adui wa Buddha, na yanaeleza mafundisho yake kwa kejeli. Maelezo hayo yanalingana na yale ambayo Wajaini wanayasema kuhusu Mahavira. Mtu hamtukani jirani ambaye hajazaliwa. Ujaini ulikuwepo tayari Wabudha walipoanza kusimulia, tena ukiwa na nguvu ya kuwatia wasiwasi.

Kisha mawe yakaongezea. Kati ya 1888 na 1891 kilima cha Kankali Tila huko Mathura kilichimbwa, yakatoka mamia ya sanamu na vipande vya maandishi vya karne za mwanzo BK pamoja na msingi wa stupa. Hadi wakati huo kila stupa iliyoonekana India ilihesabiwa kuwa ya Wabudha bila kuuliza, na sasa hii hapa ilikuwa ya Wajaini. Georg Bühler aliyachambua maandishi, akakuta majina ya matawi na koo za watawa yanayolingana na orodha iliyomo ndani ya Kalpasutra. Kwa mapokeo ya Wajaini wenyewe wa madhehebu ya Shvetambara, vitabu vyao viliwekwa katika maandishi ya mwisho huko Valabhi katika karne ya 5. Mawe ya Mathura ni ya zamani kuliko hapo kwa karne kadhaa. Kitabu ambacho mtu mwenye shaka angekitupa kwa kuwa kiliandikwa baadaye kilikuwa kimehifadhi kumbukumbu ya kweli. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaotaka kuwaachia wanaakiolojia kazi yote. Jiwe lilikisahihisha kitabu huko Sanchi, na huko Mathura likakitetea. Hakuna kanuni ya jumla ya kukuambia mapema litafanya lipi.

Hatari ya kusikiliza upande mmoja inaonekana vizuri kwa wale ambao hawakubaki. Waajivika, wafuasi wa Makkhali Gosala, walifundisha kwamba kila kitu kimepangwa na majaaliwa na juhudi ya mtu haibadilishi chochote. Walikuwa kundi kubwa. Ashoka aliwachongea mapango katika vilima vya Barabar, Bihar, yenye kuta za mwamba mgumu zilizosuguliwa hadi zikang'aa, na katika nguzo yake ya mwisho aliwataja pamoja na Wabudha, Wabramini na Wajaini miongoni mwa makundi yaliyokuwa chini ya uangalizi wa maofisa wake. Lakini hakuna kitabu chao hata kimoja kilichosalia. Tunachokijua kuhusu Gosala tunakipata kwa Wabudha, ambao wanamwona mpotoshaji mbaya kuliko wote, na kwa Wajaini, ambao wanamsimulia kama mwanafunzi msaliti wa Mahavira. Ni kesi ya ngedere kupelekewa nyani. A. L. Basham aliweka pamoja vipande hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1951, akafuatilia nyayo zao kusini mwa India hadi karibu karne ya 14. Kama mapango ya Barabar yasingekuwepo, tungedhani walikuwa wazururaji wachache wasio na maana, maana hivyo ndivyo washindi walivyotaka tudhani.

Wapo watakaosema kwamba nazidisha ujirani huu, na wapo wanaokwenda mbali zaidi yangu. Hao wa pili wanadai kwamba Uhindu wenyewe ni zao la utawala wa Waingereza: kabla ya sensa ya miaka ya 1870 na mahakama za kikoloni kulikuwa na mamia ya ibada tu, na serikali ndiyo iliyozitia katika mfuko mmoja. Kuna chembe ya ukweli. Sensa ilimlazimisha mtu kuchagua jina moja, na sheria ikaendelea kuchora mipaka hata baada ya uhuru: Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya mwaka 1955 inawahusu pia Wabudha, Wajaini na Masingasinga, ilhali mwaka 2014 serikali ya India iliwatambua Wajaini nchi nzima kuwa dini ya wachache inayojitegemea. Mipaka ya ofisini inasogea kwa kalamu.

Ila dai kamili halisimami. David Lorenzen alilijibu mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba washairi wa lugha za India walikuwa wakijitenga na Waislamu kwa jina la Wahindu karne nyingi kabla ya Mwingereza kuwa na mamlaka huko, na hoja yake inaweza kusogezwa nyuma zaidi. Katika karne ya 8 Haribhadra, mwanazuoni wa Kijaini, aliandika kitabu cha kuainisha mifumo ya fikra, akiwapa Wabudha sehemu yao, Wajaini yao, na shule za Wabramini zao, kwa upole ambao si wa kawaida katika maandishi ya mabishano. Al-Biruni, aliyeandika kitabu chake kuhusu India karibu mwaka 1030, alijua vizuri kwamba Wabudha ni watu tofauti na Wabramini aliozungumza nao. Waingereza hawakuzua tofauti. Walichofanya ni kuzigeuza kuwa safu za takwimu, na safu ya takwimu haivumilii mtu mwenye nyumba mbili.

Tofauti hizo zilivyokuwa ndani ya maisha zinaonekana katika hati ya mwaka 1368 iliyochongwa Shravanabelagola, Karnataka, mahali penye sanamu ya Bahubali yenye urefu wa mita 17 na zaidi iliyosimamishwa katika karne ya 10. Wajaini walimlalamikia mfalme Bukka wa Vijayanagara kwamba wafuasi wa Vishnu wanawaonea. Mtu angetegemea ugomvi wa mafundisho: kama kuna Mungu muumba, kama Veda zina mamlaka. Hati inazungumzia ngoma na vyombo vya heshima ambavyo kundi moja lilitaka kulinyima jingine katika maandamano yake. Mfalme aliamua kwamba Wajaini wana haki ya vyombo vyao kama kawaida. Akaushika mkono wa Wajaini akauweka ndani ya mkono wa wafuasi wa Vishnu, akawatangazia wahusika wote kwamba hasara ya mmoja ni hasara ya mwingine. Kisha, na hapa ndipo hati inapoaminika, akaweka utaratibu wa fedha: kila nyumba ya Kijaini itoe mchango wa mwaka, wafuasi wa Vishnu waajiri walinzi kwa fedha hizo wa kulilinda hekalu la Wajaini, na kinachobaki kikarabati mahekalu. Hii si picha ya dini moja isiyo na mipaka, wala ya jumuiya zilizotengana. Ni watu waliojua fika nani ni nani, waliokuwa wanaumizana, na waliokuwa na namna ya kuamuliwa.

Pingamizi zito zaidi kwangu ni hili: jiwe nalo ni sauti ya mwenye fedha. Maskini hachongeshi. Ashoka anapotangaza katika mwamba wake wa 12 kwamba mtu asiyasifu madhehebu yake kupita kiasi wala asiyakashifu ya wengine, tunachokisikia ni matakwa ya serikali, na huenda tangazo lenyewe ni dalili kwamba watu walikuwa wanakashifiana sana. Nakubali yote hayo. Hata hivyo maneno yaliyochongwa yana sifa ambayo muswada hauna: hayawezi kuhamishwa kimyakimya wala kunakiliwa upya kwa marekebisho kila miaka 100. Uongo wa Ashoka, kama ni uongo, ni uongo wa karne ya 3 KK, uliosimama mbele ya watu walioweza kuupinga. Angalia kisa cha Pushyamitra, mfalme Mbramini wa ukoo wa Shunga. Simulizi za Kibudha zilizotungwa karne kadhaa baada yake zinasema alibomoa stupa na kuahidi zawadi kwa kila kichwa cha mtawa. Lakini lango la stupa ya Bharhut lina maandishi yanayosema limejengwa katika utawala wa Washunga, na Sanchi nayo ilikuzwa katika zama hizo. Huenda alikuwa mkatili mahali fulani kwa muda fulani; kusema kwamba ukoo wake ulikuwa vita dhidi ya Ubudha ni kusema kuliko ushahidi. Vivyo hivyo kisa cha Wajaini 8,000 wa Madurai waliotundikwa miti baada ya kushindwa mjadala. Kimesimuliwa kwa fahari na washairi wa upande wa Shiva, na wanahistoria wengi wanakitilia shaka. Hapo tuna kundi linalojisingizia mauaji, jambo ambalo lenyewe linastahili uchambuzi.

Swali ambalo linapima mbinu yoyote ni hili: kwa nini Ubudha ulififia katika nchi ulikozaliwa? Jibu linalopendwa ni fupi. Majeshi ya Bakhtiyar Khalji yalifika Bihar karibu mwaka 1200, yakachoma vyuo, yakaua watawa, mambo yakaisha. Uvamizi ulitokea, na mwanahistoria wa upande wa wavamizi, Minhaj-i-Siraj, anasimulia jinsi ngome ya Bihar ilivyotekwa na watu wenye vichwa vilivyonyolewa wakauawa, kisha ikaonekana kwamba ngome yenyewe ilikuwa mahali pa elimu palipojaa vitabu. Lakini Dharmasvamin, mtawa wa Tibet aliyefika huko katika miaka ya 1230, alimkuta katika chuo cha Kibudha cha Nalanda mwalimu mzee akiendelea kufundisha wanafunzi 70 hivi, kwa hofu na kwa kukimbiakimbia, ila akiendelea. Ukirudi nyuma, Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyetembea India katika miaka ya 630 na mwanzoni mwa 640, tayari alikuwa ameandika kuhusu monasteri nyingi za kaskazini-magharibi zilizobaki magofu huku mahekalu ya Wabramini yakijaa. Hapo Uislamu ulikuwa haujafika. Na ukienda kusini, mfalme Rajaraja wa Chola, mfuasi wa Shiva aliyejenga hekalu kuu la Thanjavur, ndiye aliyetoa mapato ya kijiji kwa monasteri ya Wabudha ya Nagapattinam mwanzoni mwa karne ya 11. Jengo la mwisho la monasteri hiyo lilibomolewa mwaka 1867, na waliolibomoa walikuwa mapadri Wajesuiti.

Anayesoma historia ya Ubudha peke yake atazungukazunguka hapo akihesabu maadui. Padmanabh Jaini alitoka kwenye mzunguko huo kwa kuuliza swali la jirani: kama ni maadui, mbona Wajaini walibaki? Nao waliporwa, nao walivunjiwa mahekalu, hawakuwahi kuwa na himaya ya kuwalinda milele. Sehemu ya jibu iko katika namna watawa walivyokula. Mtawa wa Kijaini hutembea, huomba chakula nyumba kwa nyumba, na walei wake, wengi wakiwa wafanyabiashara, humjua na humchunguza. Jumuiya inamshikilia naye anaishikilia. Monasteri kubwa za Wabudha zilikuwa zimehamia kwenye mapato ya ardhi na fedha zilizotolewa na wafalme na maofisa wao, kama zile dinari 25 za Sanchi zilizokusudiwa kuwasha taa milele. Mfalme anapoanguka, au mrithi wake anapoamua kuwapa Wabramini, mizizi haipo kijijini. Wakati huohuo Buddha mwenyewe alikuwa ameingizwa katika orodha ya maumbile ya Vishnu, na mlei wa kawaida angeweza kuendelea kumheshimu bila kuhitaji watawa wake. Wajaini walipambana na hilo kwa kuandika Ramayana zao na Mahabharata zao, ambamo Rama na Krishna wanakuwa watu wa imani ya Kijaini. Sidhani jibu hili linafunga mjadala, lakini ni jibu ambalo lisingepatikana bila kuziweka dini zote tatu mezani kwa pamoja.

Hata vitabu vyenyewe vimeokolewa kwa ujirani. Hewa ya India huozesha majani ya mtende yaliyoandikiwa vitabu, na monasteri za Kibudha zilipokufa maktaba zao zilikufa nazo. Baadhi ya kazi kubwa za wanafalsafa wa Kibudha zilizoandikwa kwa Kisanskriti, pamoja na Tattvasangraha ya Shantarakshita, zilipatikana katika maktaba za mahekalu ya Kijaini za magharibi mwa India, zikiwa zimenakiliwa na kutunzwa na watu waliozipinga. Walizitunza kwa sababu huwezi kumshinda mpinzani usiyemsoma. Sehemu nyingine kubwa ilibidi itafutwe Tibet na Nepal. Na baadhi ya miswada ya kale kabisa ya Kibudha inayojulikana, magome ya mti yenye maandishi ya Kigandhari ya karne ya 1 BK iliyofika Maktaba ya Uingereza mwaka 1994, ilikuwa imewekwa ndani ya mitungi ya udongo katika eneo la Afghanistan, nchi ambayo leo haina jumuiya ya Wabudha.

Muumini anaweza kuniambia kwamba haya yote hayamhusu. Kwa Mjaini walimu wakuu wamekuwa wakija tangu zama zisizohesabika. Kwa Mhindu Veda hazina mwanzo. Kutafuta tarehe ni kuuliza swali lisilo lake. Naheshimu hilo, na sidhani mwanahistoria ana chombo cha kulikanusha. Tatizo ni kwamba waumini wenyewe, wanapogombana, huja mahakamani na bungeni wakiwa na tarehe mkononi. Bodh Gaya, mahali ambapo Buddha alipata mwangaza, palikuwa mikononi mwa watawa wa Shiva kwa karne kadhaa hadi Anagarika Dharmapala wa Sri Lanka alipoanza kudai mwaka 1891 parudishwe kwa Wabudha. Sheria ya mwaka 1949 iligawa kamati ya uendeshaji sawa kwa sawa, Wahindu wanne na Wabudha wanne, mwenyekiti akiwa mkuu wa wilaya, na ugomvi bado haujaisha. Kila upande unasema historia iko nao. Katika mahali hapohapo palipatikana maandishi ya mwaka wa 26 wa mfalme Dharmapala wa ukoo wa Pala, kiasi cha mwaka 800, ukoo uliokuwa mlinzi mkuu wa Ubudha wakati huo. Yanasema kwamba Keshava, mwana wa mchonga sanamu, ameweka hapo Mahabodhi sanamu ya Shiva mwenye nyuso nne na amechimba bwawa kwa gharama ya sarafu 3,000 za drama kwa manufaa ya wakaao mahali hapo. Anayedai kwamba Shiva aliletwa na waliopora hekalu baadaye anakanushwa na jiwe hilo. Anayedai kwamba uwepo wa Shiva ni ushahidi wa umiliki wa Wahindu anakanushwa nalo pia, maana lilichongwa Wabudha wakiwa ndio wenyeji, na Keshava analitaja eneo kwa jina lao.